Difu ya Hiace ya kwaya imenyamaza: karakana moja ya Gerezani

Mimi ni mwalimu wa kwaya, Morogoro. Gari letu ni Hiace ya dizeli, na ndilo linalotubeba kwenda kwenye harusi, misiba na makongamano. Tangu Februari lilianza kulia kwa nyuma. Ukiwa mjini husikii kitu. Ukishaipita Mikese na dereva akafika kilomita 80 kwa saa, linaanza: uuuuu, sauti moja iliyonyooka, haipandi wala haishuki mpaka mwendo ubadilike. Wanaokaa siti ya nyuma walikuwa wanafika Dar vichwa vinawauma, na mazoezi ya ndani ya gari tuliyaacha kabisa.

Siku moja nilitoa kinanda kidogo nikabonyeza noti ya A. Mlio wa gari ulikuwa chini yake kidogo tu. Mwimbaji wetu mmoja wa bezi anafundisha ufundi magari, akanifanyia hesabu nyuma ya karatasi ya nota. Difu, lile boksi la gia katikati ya ekseli ya nyuma, ina pinioni, gia ndogo inayozungushwa na injini, na kraunwili, gia kubwa inayozunguka pamoja na magurudumu. Kraunwili yetu ina meno 41. Kwa mwendo wa 80, tairi letu linazunguka mara 10.6 hivi kwa sekunde. Zidisha: karibu 434. Na ile A ya kinanda ni mitetemo 440 kwa sekunde. Maana yake kila jino lilipokutana na mwenzake liligonga, na magongano yale zaidi ya 430 kwa sekunde ndiyo noti niliyokuwa naisikia. Tangu siku hiyo niliacha kuwasikiliza waliosema ni tairi. Tairi hubadili sauti lami inapobadilika. Yetu ilifuata mwendo tu.

Karakana ya kwanza niliyoenda sitaitaja. Walibadilisha pinioni peke yake, kraunwili wakaiacha ileile. Gari likarudi linalia zaidi. Kwingine nikashauriwa nitie vumbi la mbao ndani ya oili ili linyamaze. Ndugu zangu, msikubali jambo hilo. Linaziba sauti kwa muda huku beringi zinakufa, na wako watu wanauziwa magari namna hiyo.

Ndipo nikapelekwa Gerezani, Dar, kwa mzee mmoja anayefanya difu na giaboksi tu, hana kazi nyingine. Kibanda chake hakina bango. Nilimwamkia, shikamoo mzee, akaitikia marahaba mwalimu, na swali lake la kwanza halikuhusu hela wala mwaka wa gari. Aliuliza: "Inalia ukikanyaga mafuta au ukiachia?"

Sikuwa na jibu. Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi tukaingia Barabara ya Kilwa kabla ya foleni, yeye akiwa amekaa nyuma kabisa, kiganja kimelala sakafuni. Kanyaga. Achia. Kanyaga tena. Ililia wakati wa kukanyaga, ukiachia inapungua mpaka karibu kuisha. Akasema basi tatizo ni ule upande wa jino unaosukuma gari kwenda mbele, tena ni namna meno yanavyokutana. Beringi mbovu ingenguruma muda wote.

Alipofungua difu aliyafuta meno ya kraunwili, akayapaka manne rangi ya buluu kwa brashi ya kuchorea, akaibana kraunwili kwa kipande cha mbao ili iwe nzito, akazungusha pinioni kwa mkono, mbele na nyuma. Kisha akaniita na tochi. Pale meno yalipogusana rangi ilikuwa imefutika. Ilitakiwa ifutike katikati ya jino, kama umbo la yai. Kwetu ilifutika juu, ukingoni kabisa, kijistari chembamba. Mzigo wote wa watu kumi na wanne ulikuwa umebebwa na ukingo ule. Halafu akanionyesha namba zilizochorwa kwenye pinioni na zile za kwenye kraunwili: hazifanani. "Meno haya hayajuani, mwalimu."

Hapa ndipo nilipoelewa, na naomba kila mwenye gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma aelewe. Kiwandani pinioni na kraunwili husuguliwa pamoja, moja kwa mwenzake, na kuanzia hapo ni seti. Huwezi kununua moja, kama usivyoweza kumchukua soprano wa kwaya nyingine asubuhi ukamsimamisha kwenye duet ya saa nne.

Nilinunua seti nzima iliyotumika, kutoka Japani, namba zinasomana, shilingi 420,000. Beringi na oil sili mpya, 165,000. Ufundi 180,000. Akafunga, akapaka rangi, akazungusha: bado juu kidogo. Akashusha tena kila kitu, akabadilisha shimu, kile kipande chembamba cha chuma cha kupangia nafasi, ya nyuma ya kichwa cha pinioni kwa nyingine iliyozidi unene kwa 0.06 mm. Nilizishika zote mbili mkononi, sikuona tofauti. Rangi iliiona: alama ilishuka ikakaa katikati. Kisha akafunga geji ya saa akapima mchezo, yaani nafasi ndogo iliyobaki kati ya meno, akatafuta mpaka sindano ikasoma 0.15. Toyota wanataka kati ya 0.13 na 0.18, hizo ni sehemu za milimita. Ukibana zaidi meno yanachemka na kulia. Ukilegeza, yanagonga kila unapoachia mafuta na kukanyaga. Kazi hii peke yake ilichukua saa tatu, na hakuikimbilia.

Kuhusu oili naye hakukubali mjadala: 90, huo ni uzito wake, ya daraja la GL-5, oili ya gia zinazobanana sana. Pinioni ya difu hii haiko usawa wa katikati ya kraunwili, imeshushwa chini. Mtindo huo unaitwa haipoidi, Packard wa Marekani waliuweka kwenye magari yao tangu 1926, na ulipendwa kwa sababu unashusha propela shafti, ule mhimili mrefu unaoleta nguvu ya injini kwenye difu, na unatuliza kelele: meno yaliyopinda hupokezana mzigo taratibu, jino moja halijaachia mwenzake ameshashika. Ila kwa kushushwa huko meno husuguana kwa kuteleza sana, na oili ya kawaida huchanika katikati yao. Bezi wetu aliongeza kwamba hata nembo ya Citroën, magari ya Ufaransa, zile V mbili zilizopinduliwa, ni meno ya gia yaliyokatwa kwa mshazari pande mbili. André Citroën alitengeneza gia hizo kabla ya kutengeneza magari. Nililipenda sana hilo.

Matokeo: tumeshaenda na kurudi Dar mara tatu, gari limejaa. Kwenye 80 nasikia upepo wa dirishani na injini. Kwenye 100 vilevile. Juzi kutoka Chalinze tulipitia wimbo mzima sauti nne, na niliwasahihisha tena waliokaa siti ya mwisho. Mlio ule haupo.

Yapo ya kurekebisha pale. Niliahidiwa siku moja, zikawa mbili, na usiku huo nililala kwa shemeji bila kujiandaa. Risiti ya ufundi hakuna, inabidi uandike mwenyewe naye asaini, jambo gumu kwa gari la kikundi kama letu linalotoa hesabu. Simu hapokei akiwa kazini. Na kibanda kiko wazi, vumbi la barabarani linaingia. Alifunika difu kwa kitambaa safi kila alipoondoka, lakini kazi ya vipimo vya aina hii inastahili chumba chenye mlango.

Ukienda, usitangulize bei. Mwombe akuonyeshe alama ya rangi kabla ya kufunga na baada ya kufunga, atafurahi kuombwa. Na kilomita 500 za kwanza usibebe mzigo mzito, kisha mwaga oili uweke nyingine. Ile yetu ilitoka na unga mwembamba wa kung'aa, akasema ndiyo meno yanazoeana.

Rivasi yetu bado inalia. Nilimuuliza, akatikisa kichwa: gia hiyo meno yake yamekatwa kunyooka, yanakutana upana wote kwa mpigo mmoja, nayo ilikuwa inalia hivyohivyo siku gari lilipotoka kiwandani. Hakutaka hela ya kuigusa.