Amplifaya mpya ya valvu za EL34: chuma kizuri, solda mbovu

Watu wengi wanauliza kuhusu hizi amplifaya za valvu (zile chupa za kioo zinazokuza sauti) za kichina zinazoletwa Unguja kupitia Dubai, zafaa au ni kutupa pesa, basi mie naeleza yangu ilivyokuwa maana mashine hii naipenda kweli na nataka anaekwenda kununua ajue atakutana na nini.

Kwanza mashine yenyewe. Ina valvu nne kubwa za EL34, mbili kila upande, na ndogo za 12AX7 mbele yake (ukiona dukani imeandikwa ECC83 usibabaike, ni kitu kimoja tu, hilo ndo jina lake la Ulaya). Nyuma transfoma tatu, nzito wallahi, kuipandisha ngazi za nyumba zetu hizi za Mji Mkongwe utake watu wawili. Lakini uzito huo ndo pesa yako ilipo, transfoma ikiwa nzuri vyengine vyote vinatengenezeka. Kabla hujaichomeka tizama swichi ya volti nyuma iwe kwenye 220 au 230, kwani nyengine zinakuja zimewekwa 110 na ukiwasha hivohivo kwa umeme wetu utabahatika sana ikikatika fyuzi peke yake.

Sauti sasa. Mie nasikiliza taarab asilia, rekodi za zamani za Nadi Ikhwan Safaa, chama kilichoanza tangu 1905, na sijapata kuisikia kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, inalia vile nyumbani kwangu, kila uzi unausikia unapigwa na unapomalizika, fidla haichomi masikio hata ukiongeza sauti. Hapo ndo nikasema hii hairudi dukani.

Tatizo likaanza ikishapata joto. Upande wa kulia unaanza kukwaruza kama mtu anakanyaga changarawe, halafu unaingia mvumo, halafu sauti inashuka. Unaizima, unaiacha ipoe, unaiwasha tena, safi kabisa, baada ya muda yale yale. Kitu kinachoharibika kikipata moto na kupona kikipoa mara nyingi ni kiungo kinaachia, chuma kikitanuka mguu unaondoka mahala pake.

Nikazima taa za chumbani nikazitizama valvu. Ule mwanga wa rangi ya chungwa katikati ni wa kawaida, ndo uzi wa kupasha moto ule, na ukiona ubuluu mdogo kwenye kioo usihangaike nao. Lakini ile bati ya kijivu ya ndani ikianza kuwa nyekundu, zima hapohapo, usisubiri nyimbo imalizike. Ina maana umeme unapita zaidi ya kiasi na ukiiacha valvu inakufa, na inaweza kwenda na transfoma. Yangu moja ya kulia bati lilikuwa jekundu upande mmoja.

Muuzaji nilipomwandikia akajibu kwa mstari mmoja, valvu mbovu nunua nyengine, au rejesha mzigo kwa gharama zako. Hakuuliza hata nimeona nini! Na kusafirisha chuma kile kurudi Dubai ni pesa nyingi. Mtu akikwambia valvu mbovu usitoe hata senti kabla hujazibadilisha nafasi. Mashine imezimwa na imepoa, ya kulia unaihamishia kushoto, ya kushoto kulia, unawasha. Ubovu ukihama na valvu, valvu ndo mbovu. Ukibaki palepale, valvu haina kosa, tatizo lipo ndani. Kwangu wekundu ulibaki kulekule kulia. (Yangu bayasi, yaani kiasi cha umeme valvu inachopitisha ikiwa imetulia, inajiweka yenyewe, ila mashine zenye skrubu ya bayasi ukishahamisha valvu lazima upime tena kwa mita.) Nikahamisha na spika vilevile, bado kulia. Na hapa tafadhali, amplifaya ya valvu haiwashwi bila spika hata kwa majaribio, ile transfoma ya kutolea sauti inaweza kuungua.

Kuifungua skutaka kabisa. Ndani mna volti 400 na zaidi na zinabaki kwenye kapasita, vile vikopo vinavyoweka umeme, hata plagi imeshachomolewa. Nikaipeleka kwa fundi redio mmoja wa Mlandege, mtu mzima, kazianza kazi hizi enzi za redio za valvu, na huyu ndo anastahiki sifa zote humu. Kwanza akazitoa umeme kapasita kwa rizista (kijidude cha kupunguza umeme) yenye waya mrefu, mkono mmoja mfukoni, akapima kwa mita mpaka ikasoma sifuri ndo akagusa. Nikamuuliza, "Sheikh, mkono mfukoni kwani?" Akanambia, "Umeme ukikupiga usipite kifuani, mwanangu."

Akapima pini namba 5 ya kila soketi mpaka bodi, ndo gridi ya EL34 ile, sehemu inayozuia umeme usipite zaidi ndani ya valvu. Kushoto mita imetulia. Kulia, soketi moja namba zinarukaruka, akiisukuma rizista iliyoungwa hapo kwa kijiti cha mwanzi zinapotea kabisa. Akanipa lenzi nitizame, mguu wa rizista umekaa ndani ya tone la solda, ile risasi ya kuungia, limefifia, halikung'ara, na pembeni mna ufa mwembamba umeuzunguka mguu wote. Gridi ikikosa njia ya kwenda bodi valvu haina wa kuizuia, inavuta umeme mpaka inakuwa nyekundu. Akaitoa solda yote, akasafisha, akatia mpya, na akazipitia soketi zote zilobaki maana alosolda moja vile kazisolda zote yeye huyohuyo. Halafu akaiwasha akawa anagonga valvu ndogo mojamoja kwa penseli, moja ikaita ting kwenye spika, akasema hiyo haitodumu, nyengine agiza taratibu.

Malipo hayakufika hata elfu hamsini. Mashine sasa inapiga mchana kutwa joto lote hili la kaskazi, haikwaruzi. Miguu ya valvu nazifuta mara kwa mara, tulio karibu na pwani hewa ya chumvi inakula pini.

Mashine naipa nyota nne, moja nimeitoa kwa solda. Muuzaji nyota moja, na hiyo ni kwa kufunga mzigo vizuri kwenye sponji. Fundi tano. Mkienda kwake nendeni asubuhi, baada ya alaasiri meza imejaa mafeni na redio za watu na hana nafasi, na mchukue spika yenu moja kwani yeye anazo za om 4 tu (om ni kipimo cha ukinzani wa spika).