Filamu za karibuni, kwa sikio moja

Matumbwitumbwi yaliondoka na sikio langu la kushoto nikiwa na miaka saba. Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa. Langu lilikufa kweli, na dawa zikamwagwa bure. Nalitaja mapema ili ujue maoni haya yanatokea wapi. Natazama filamu kwa macho mawili na sikio moja. Ukumbini hukaa pembeni kabisa, upande wa kushoto, ili sikio zima lielekee katikati. Mke wangu hukaa kulia kwangu. Akikosea akakaa kushoto, siku hiyo tumekwenda sinema kila mtu na lake.

Mtu wa sikio moja anasikia, ila hajui sauti imetoka wapi. Ubongo hulinganisha sauti ilivyofika sikio hili na ilivyofika lile, ndipo ukajua mlango uliogongwa ni wa kulia au wa kushoto. Mimi sina cha kulinganisha. Simu yangu ikilia ndani naitafuta nyumba nzima, hata chini ya mto nilioulalia.

Kwa hali hiyo nikaenda kutazama F1, filamu ya mbio za magari. Brad Pitt ni Sonny Hayes, dereva aliyekwisha sahaulika, anayeitwa arudi kwenye mashindano baada ya miaka 30 kuiokoa timu inayozama. Sehemu nyingi zilipigwa kwenye viwanja halisi, siku za mashindano halisi, na Pitt na Damson Idris wanaendesha wenyewe. Spika zimeuzunguka ukumbi, nyingine zimetundikwa darini. Gari linatoka kulia linanguruma, linafika mbele yetu, halafu kwangu mimi linafifia kama limeishiwa mafuta. Mke wangu anageuza shingo kulisindikiza hadi kushoto. Mimi nimebaki pale pale nasubiri. Kwa saa mbili na nusu nimeona magari mengi yakipotelea katikati ya njia.

Hadithi yenyewe unaijua kabla hujakaa kitini: mzee na kijana hawapatani, wanagombana, wanapatana. Ila kuna mahali Sonny anaeleza anachokitafuta humo garini, kwamba mara chache sana hutokea kila kitu kikanyamaza, moyo ukapoa, na hakuna anayeweza kumgusa. Filamu yote ni kelele, na mwenyewe anatafuta kimya! Hapo walinipata. Kama utaitazama, itazame ukumbini. Nyumbani sioni kitakachobaki.

Sinners nimeiona mara mbili ukumbini, na ya pili nilikwenda peke yangu. Ryan Coogler ameipeleka Mississippi mwaka 1932. Michael B. Jordan anaigiza mapacha, Smoke na Stack, wanaorudi kwao kutoka Chicago na fedha ambazo hakuna anayeuliza zimepatikanaje. Wananunua kinu cha zamani cha kupasulia mbao, wafungue ukumbi wa muziki usiku huo huo. Binamu yao mdogo, Sammie, mtoto wa mchungaji, ana gitaa na sauti nzito isiyolingana na sura yake. Kisha wanyonya damu wanapiga hodi. Kweli wanapiga hodi: hawawezi kuingia mpaka wakaribishwe, na nusu ya hofu ya filamu iko mlangoni, kwa nani atakosea na kusema karibu.

Kila mtu anaisifu ile sehemu Sammie anapoimba na wakati unapasuka, mababu wenye ngoma wanatokea, mpiga gitaa la umeme anatokea, vijana wa enzi zetu wanatokea, wote wanacheza sakafu moja. Ni nzuri, sibishi. Lakini mimi nilirudi mara ya pili kwa ajili ya sehemu nyingine, fupi, ambayo wengi wameipita. Delroy Lindo, anayeigiza mzee mpiga kinanda na mlevi, yuko garini anasimulia jinsi rafiki yake mwanamuziki alivyouawa na genge la wazungu. Kamera haitoki garini. Haturudishwi nyuma kuonyeshwa tukio, kama ambavyo waongozaji wengi wangefanya. Badala yake, chini ya maneno ya mzee unaanza kusikia tukio lenyewe, makelele ya watu, vilio, kana kwamba lipo nyuma ya kiti. Maneno yanamwishia. Anaanza kuguna, mguno unageuka mdundo, mdundo unageuka muziki. Hajasema muziki wa watu wake ulitoka wapi, amekutolea hapo hapo.

Mara ya kwanza sikuwa na hakika nimesikia nini. Nilidhani ni ukumbi wa jirani unavuja sauti. Hiyo ndiyo shida yangu: kila sauti ya ajabu naanza kwa kuilaumu nyumba.

Na usiondoke majina yanapoanza kupanda. Baada yake kuna sehemu nzima ya hadithi, mwaka 1992, na mzee aliyekaa na gitaa pale ni Buddy Guy mwenyewe, mkongwe wa muziki wa blues. Nusu ya watu walikuwa wamekwisha fika mlangoni, wakarudi wakisimama kwenye njia, wakaniziba.

Nyumbani ni vita vingine. Ukumbini maneno ya waigizaji hutoka kwenye spika iliyo nyuma ya pazia. Pazia lenyewe lina matundu madogo madogo ya kupitisha sauti, ndiyo maana unaona mdomo na kusikia neno mahali pamoja. Kwenye televisheni sauti za spika zote zile zinabanwa zipite kwenye vispika viwili vilivyotazama ukuta. Mnong'ono hauusikii, ukiongeza sauti mlipuko unaamsha watu. Wenye masikio mawili nao siku hizi wanalalamika, wanatazama na maandishi ya chini hata filamu ya lugha wanayoijua. Karibuni. Mimi nipo huku tangu utotoni.

Kwa wenzangu wa sikio moja, dawa ninayo. Kwenye mipangilio ya simu na kompyuta, sehemu ya mahitaji maalumu, unaweza kuamuru sauti ya kushoto na ya kulia zichanganywe ziwe moja. Bila hivyo ukivaa hedifoni unapoteza nusu ya filamu na hujui.

Nililijua hilo, na bado nilijiponza kwa The Zone of Interest ya Jonathan Glazer. Niliianza usiku, watu wamelala, televisheni nimeipunguza sana. Skrini ikabaki nyeusi muda mrefu hadi nikadhani intaneti imekatika. Kisha familia kando ya mto. Nyumba nzuri, bustani, watoto, mbwa. Baba anapanda farasi kwenda kazini. Kazini kwake ni ng'ambo ya ukuta wa bustani, na ukuta ni wa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi. Yeye ni Rudolf Höss, mkuu wa kambi. Nilijua hayo yote kwa kusoma. Nilingoja kitu kitokee. Mke wa Höss, anayeigizwa na Sandra Hüller, anajaribu koti la manyoya. Anaonyesha maua. Baada ya dakika arobaini nikazima, nikamwandikia rafiki yangu kwamba ni filamu ya watu wanaomwagilia bustani.

Akanijibu kwa swali moja: ukutani ulisikia nini?

Kesho yake nikavaa hedifoni, sauti zimechanganywa, nikaanza upya. Sijui niseme nini. Nyuma ya kila kikombe kinachowekwa mezani kuna mlio wa risasi wa mbali. Mbwa wanabweka, mtu anapiga kelele halafu hapigi tena, treni inaingia, na chini ya vyote kuna mvumo usiokoma, kama mashine kubwa isiyozimwa usiku wala mchana. Mateso yenyewe kamera haikuonyeshi hata mara moja. Mtoto anacheza chumbani, anasikia kitu nje dirishani, anaendelea kucheza. Bibi, mama wa mke, amekuja kutembea. Anaisifu nyumba, anasinzia bustanini, usiku anaona wekundu wa moto dirishani, na asubuhi ameondoka bila kuaga. Yeye peke yake ndiye aliyeshindwa kuzoea, na hata yeye aliondoka kimya kimya. Johnnie Burn na Tarn Willers walipewa Oscar ya sauti mwaka 2024 kwa kazi hii, na sijui kama tuzo hiyo imewahi kwenda kwa sauti ndogo namna ile.

Kilichonikaa kooni ni ule usiku wa kwanza. Dakika arobaini nilikaa kwenye bustani ile, nikayatazama maua, nikachoka. Mimi nina cheti cha daktari. Wale walikuwa wazima masikio yote.

Sikuweza kutazama kitu kizito baada ya hapo, nikachagua A Quiet Place: Day One kwa sababu ya Lupita Nyong'o. Viumbe wasioona lakini wanaosikia kupita kiasi wanaivamia New York, na anayetoa sauti ndiye anayeuawa. Filamu inaanza kwa kutuambia kwamba jiji hilo lina kelele ya desibeli 90, sawa na mtu anayepiga ukelele asinyamaze. Lupita ni Samira, mgonjwa wa saratani ambaye hana muda mrefu hata bila majini hayo, naye anatembea na paka wake akitafuta piza ya mtaa wa utotoni. Uso wa Lupita unafanya kazi ya kurasa kumi za maneno. Kuna mahali yeye na kijana mmoja wamejificha ndani, radi inapiga, wanangoja kila ngurumo ili wapige ukelele chini yake. Niliirudisha mara tatu.

Lakini waliotengeneza filamu ya kimya wanakiogopa kimya! Kila watu wanapojikaza wasipumue, vinanda vinaingia kutuambia tuhuzunike au tuogope. Kama jini angekuwa nasi chumbani, muziki huo ungemaliza filamu kwa dakika tano. Na yule paka hatoi sauti hata akitumbukia kwenye maji. Nimefuga paka mimi, siwezi kudanganywa.

Society of the Snow ya J.A. Bayona ni habari ya kweli: ndege iliyobeba watu 45 kutoka Uruguay ilianguka kwenye milima ya Andes tarehe 13 Oktoba 1972, na baada ya siku 72 wakatoka watu 16. Waigizaji wanasema Kihispania, kwa hiyo nategemea maandishi. Maandishi meupe. Juu ya theluji. Saa mbili na zaidi! Niliikunja sura kama bibi anayetunga uzi kwenye sindano, mpaka nikakumbuka kwamba kwenye mipangilio unaweza kuyawekea maandishi kisanduku cheusi nyuma. Fanya hivyo kabla hujaanza. Filamu ni nzuri, hasa pale theluji inapoporomoka na kuwafukia ndani ya bodi la ndege, giza tupu, pumzi tu, na hapo hata asiyejua neno la Kihispania hana haja ya maandishi.

Sound of Metal ni ya zamani kidogo, nimeirudia tu. Riz Ahmed ni mpiga ngoma anayepoteza usikivu, na mara kwa mara filamu inakuingiza kichwani mwake usikie anachosikia. Kile chumba cha kupimia masikio nakifahamu. Unatajiwa neno, unalirudia, na kwenye uso wa anayekupima unaona kwamba neno ulilorudia silo. Riz anaanza kubahatisha kwa kujiamini. Nilicheka peke yangu, kwa sababu ndivyo tunavyofanya wote.

Flow nilitazama na mpwa wangu wa miaka tisa. Ni katuni ya Gints Zilbalodis kutoka Latvia, imetengenezwa kwa Blender, programu ambayo mtu yeyote anaipakua bure, na ikachukua Oscar ya katuni mwaka 2025. Mafuriko yameifunika dunia, paka mweusi anajikuta kwenye mashua pamoja na mbwa, lemuri, ndege mrefu wa miguu mirefu, na kapibara, mnyama kama panya mkubwa asiye na haraka. Hakuna neno hata moja tangu mwanzo hadi mwisho. Paka analia kama paka. Kapibara wamempa sauti ya mtoto wa ngamia, kwa kuwa yake mwenyewe haikumfaa. Dakika 85 bila maandishi, bila rimoti mkononi, bila kumuuliza mtu amesema nini. Nilijinyoosha kwenye kochi kama mfalme.

Mpwa wangu naye alikuwa ametulia kabisa, nikajisemea katuni hii imemkolea. Walipofika kwenye zile nguzo ndefu za mawe nikageuka nimtazame. Alikuwa amenuna.

"Mjomba, mbona hunijibu?"

Alikuwa amekaa kushoto. Nikamwambia ahamie kulia. Akahama, akayauliza yote upya tangu mwanzo.