Jigi ya kukerezea matufe ya mbao: nunua egemeo, usinunue kisu

Jigi, yaani kifaa cha kuongoza kisu, inayopimwa hapa ni ile ya egemeo (kitovu cha kuzungukia) la wima. Ni sahani ya chuma inayofungwa kwenye bedi (reli za chini) ya kerezo, mashine inayozungusha mbao ili ichongwe; juu yake kuna kitako kinachozunguka, na kitako kimebeba mkono wenye kisu cha kabaidi. Unashika mpini, unauzungusha taratibu, na ncha ya kisu inachora nusu duara kuzunguka mbao. Pasi ikiisha, unasogeza kisu mbele kidogo kwa skrubu, unarudia. Hiyo ndiyo kazi yake pekee, na jigi iliyotengenezwa vizuri huifanya kwa usahihi ambao mkono hauufikii kwa urahisi, hasa pale yanapotakiwa matufe manane yanayolingana kwa ajili ya nguzo za ngazi au vichwa vya kitanda.

Wauzaji husifia kisu. Kisu ni kitu cha kubadilishwa. Chunguza egemeo.

Umbo litakuwa tufe kamili pale tu mstari wa egemeo unapokatana na mhimili wa kerezo, yaani ule mstari unaopita katikati ya kichwa cha mbele na kichwa cha nyuma, sehemu mbili za mashine zinazoshika mbao. Egemeo likikaa upande wako kuliko mhimili, utapata chungwa lililobanwa: kiuno kinene, ncha zimebonyea. Likikaa upande wa pili, utapata limau. Kosa la milimita 0.5 tu huongeza au kupunguza milimita 1 nzima kwenye kipenyo cha kiuno, kwa sababu mbao inazunguka na kosa linahesabika pande zote mbili, huku urefu wa ncha hadi ncha ukibaki karibu vilevile. Viringisha tufe kama hilo juu ya kioo, utaliona linayumba.

Watu wengi huhangaika zaidi na kimo cha ncha ya kisu. Kimo kina umuhimu wake, lakini si huo. Ncha ikiwa chini ya mhimili kwa milimita 1, bado utapata tufe la kweli, kubwa kwa kiasi kisichoonekana. Tatizo ni kwamba kisu hakifiki katikati, kwa hiyo kinaacha chunusi yenye unene wa milimita 2 kwenye ncha. Kwa tufe linalogeuzwa baadaye, chunusi hiyo itaondoka. Kwa kichwa cha nguzo kinachoshikwa upande mmoja tu, itabaki pale juu kabisa, mahali macho yanapotua kwanza. Ncha ikiwa juu mno, tumbo la kisu husugua mbao badala ya kukata, na mbao huungua.

Dukani, au kwa fundi wa kuchomelea aliyekutengenezea, fanya jaribio hili: funga jigi, shika mwisho wa mkono, uvute na kuusukuma kwa nguvu pande zote. Ukisikia ulegevu hata mdogo, rudisha. Ulegevu huo utauona kama mawimbi kwenye uso wa tufe, na msasa hautayaondoa bila kuharibu umbo. Jigi za bei ndogo huzunguka juu ya bolti iliyopita kwenye tundu, bila beringi. Zikiwa mpya huonekana ngumu, kisha tundu linapanuka. Hizo sizipendekezi kabisa. Jigi ya kutengenezwa karakana ya mtaani inaweza kuzishinda mbali: sahani ya milimita 12 (ya milimita 6 hupinda na kutetemeka), shafti ya milimita 20, na beringi mbili za namba 6204 zilizoachana, zikibanwa kwa nati hadi ulegevu uishe. Beringi za mshazari, kama namba 30206 kwa shafti ya milimita 30, ni bora zaidi kwa sababu zimeundwa kukazwa hivyo.

Dai pia jigi iwe na ulimi chini ya sahani unaoingia kati ya reli mbili za bedi bila kucheza. Bila ulimi huo, kila siku utaanza upya kutafuta mhimili. Ukiwepo, unasawazisha mara moja. Weka senta (vishikio vya katikati) zenye ncha kali kwenye kichwa cha mbele na cha nyuma, simamisha fimbo iliyochongoka kwenye tundu la katikati ya egemeo, na usogeze hadi ncha tatu zikutane. Kisha kereza tufe la majaribio kwa msonobari, likate, pima kwa kalipa kiuno na urefu. Kiuno kikizidi urefu kwa milimita 0.6, sukuma egemeo mbali nawe kwa milimita 0.3, nusu ya tofauti. Urefu ukizidi, livute kwako.

Kwa tufe la milimita 80, anza na mbao ya 90 kwa 90, urefu wa 130. Ikereze iwe mche wa duara wa milimita 82. Weka alama katikati, kisha alama nyingine milimita 41 kila upande, na nje ya alama hizo punguza hadi zibaki ndimi mbili za mbao, za kushikia kazi kwenye mashine, zenye unene wa milimita 20. Usiiachie jigi kazi ya kuondoa pembe. Zidisha kipenyo kwa 0.293, hapa inatoka kama 23.4, pima kiasi hicho kutoka kwenye pembe, kwa urefu na kwa kina, na ukate mshazari kwa patasi ya mkono. Atakayeruka hatua hii atalalamika kwamba jigi inatetemeka, kumbe anaidai kazi ya patasi.

Mbao ikishakuwa duara, mizunguko 1,000 hadi 1,200 kwa dakika inatosha. Zungusha mkono kutoka kiunoni kwenda kwenye ulimi, usiurudishe ukiwa unakata: ukipanda kutoka penye wembamba kwenda penye unene, kisu hunyanyua nyuzi na kuzing'oa. Sogeza milimita 0.5 kila pasi, na 0.2 kwenye pasi mbili za mwisho. Ndimi ziache zisipungue milimita 12, la sivyo tufe litakatika likiwa linazunguka.

Hapa ndipo jigi inapofika mwisho wake, na matangazo hayasemi hivyo. Ndimi zinabaki. Zima mashine, zikate kwa msumeno, kisha shika tufe kati ya vikombe viwili vya mbao laini vilivyowekwa ngozi mdomoni, ndimi za zamani zikiwa kiunoni. Mdomo wa kikombe uwe karibu nusu ya kipenyo, kama milimita 40. Ukiwa mpana zaidi unauzuia mkono wa jigi. Tufe likizunguka utaona kivuli chepesi pale palipo na mabaki ya ndimi. Kereza kivuli hicho kiishe, milimita 0.2 kwa pasi au chini ya hapo, maana sasa unakutana na vichwa vya nyuzi, yaani ncha zake zilizokatwa. Kaza kichwa cha nyuma, angalia tena baada ya dakika moja, kwa kuwa ngozi hubonyea. Msasa wa 120 hadi 400 upigwe kwa kuligeuza tufe mara tatu. Ukikaa sana mahali pamoja, mbao ya ubavuni inalika haraka kuliko ya vichwa vya nyuzi na kazi yote ya jigi inapotea.

Hakuna jigi itakayoshinda mbao mbichi. Mti husinyaa zaidi kufuata pete kuliko kuelekea moyoni, na kwa urefu karibu hausinyai, kwa hiyo tufe kamili la leo litakuwa yai baadaye. Mninga uliokauka vizuri hukata safi sana kwa jigi hii. Mpingo nao hutoa tufe zuri kuliko yote, lakini kata milimita 0.1 hadi 0.2 tu. Kwa mpingo na mvule vaa barakoa ya vumbi. Vumbi la miti hiyo huwasha ngozi na kusumbua mapafu.

Kabla ya kulipa, pima kutoka kwenye bedi hadi kwenye mhimili wa kerezo lako. Kwenye kerezo lenye milimita 150, jigi ambayo kitako chake kina kimo cha milimita 60 inakuachia nusu kipenyo cha 90, na bado inahitajika nafasi ya mbao kuzunguka bila kugusa. Tegemea tufe la milimita 160, si zaidi. Kwenye kerezo dogo la mezani lenye milimita 100, kitako hichohicho kitakuachia tufe la milimita 70 hivi.