Uzoefu wangu wa kutafuta watu wa kuongea nao Kiayalandi hapa Dublin

Naandika hii manake wenzangu kadhaa wameniuliza WhatsApp, wengi wako hapa Ayalandi na mmoja yuko London, wote wanataka kujua nilipata wapi watu wa kuongea nao Gaeilge, yaani Kiayalandi chenyewe, si kile Kiingereza cha hapa. Nimechoka kurudia voisi noti ile ile kwa hivyo naweka yote hapa, nilichojaribu, kilichonisaidia na kile sitakitolea pesa tena.

Mimi ni mama, kazi yangu ni kutunza wazee, na mtoto wangu yuko shule ya msingi ya kawaida. Shule za hapa Kiayalandi ni lazima isipokua mtoto awe amepewa ruhusa maalum ya kutosoma hilo somo, sasa homuwaki inakuja nyumbani na mzazi hujui hata uanzie kona gani. Katiba yao ya 1937 inasema hiyo ndio lugha rasmi ya kwanza na Kiingereza kinafuata, lakini unaweza kukaa Dublin miaka usisikie mtu akiiongea barabarani, utaisikia tu kwa spika ya tramu ikitaja jina la stesheni. Ndio nikasema ngoja nijifunze mwenyewe.

Nilianzia kwa simu kama kila mtu. Duolingo wako na kozi ya Kiayalandi tangu 2014, ya bure, na kwa kuokota maneno na kuzoea vile sentensi zao zinaanza na kitenzi sina neno baya. Ila simu haikuulizi swali la pili. Unajibu, inalia ting, mnaendelea. Binadamu akikuuliza umetoka wapi na umjibu Kenya, anataka kujua ni Kenya wapi, huko kuna joto, na ni nini kilikutoa kwa jua kikakuleta kwa hii mvua, na hapo ndio utajua kama unaongea lugha ama unakariri.

Baadaye nikalipia mwalimu wa onlaini, kwa moja ya hizi tovuti ambazo kila mwalimu anajipangia bei yake kwa saa. Wa kwanza alikua msomi kabisa, lakini saa nzima ilikua Kiingereza, ananieleza sheria za herufi kubadilika mwanzo wa neno, sijui inalainika, sijui inafunikwa, na mimi nilikua nimekuja kuongea. Nikabadilisha nikapata dada mmoja wa Connemara, huko magharibi ambako bado wanaiongea nyumbani, na huyo nampa maua yake, alikua anauliza mambo ya kawaida, umepika nini, bosi yukoje, na ukikwama anakungojea. Shida ya hiyo kungojewa ni kwamba unazoea. Anakuongelesha polepole, anachagua maneno anayojua unayajua, halafu siku ukikutana na watu wawili wanaongea wao kwa wao, hushiki kitu. Na kulipa kila wiki ili mtu akuulize umepika nini, mfuko unalia. Nyota tatu. Ni pa kuanzia, si pa kukaa.

Sasa kuna kitu kilinishangaza. Sensa ya 2022 watu karibu milioni 1.87 walisema wanaweza kuongea Kiayalandi, lakini wanaoiongea kila siku nje ya mambo ya shule ni 71,968. Kwa hivyo watu wapo tele, umezungukwa nao, jirani, dereva wa basi, mama wa sajili kliniki. Ni kwamba wamejificha. Ukimsalimia mmoja kwa Gaeilge anashtuka, anacheka kidogo, anakuambia pole, nimeisoma miaka yote ya shule na siwezi kusema kitu, halafu anarudi Kiingereza mbio. Mwanzo nilidhani ni rangi yangu, kwamba Mwafrika akiongea Kiayalandi wanaona ni kichekesho. Wala. Wanawafanyia hivo hivo hata wazungu wenzao. Ni aibu, na mimi hiyo aibu naijua vizuri sana, manake mimi ni Mkamba niliyekulia Mombasa na nikienda Machakos shangazi ananiongelesha Kikamba mimi namjibu Kiswahili, si kwamba sijamwelewa, najua tu nikifungua mdomo binamu zangu watakua na stori ya kucheka mpaka Krismasi ingine. Nilipoiona hivo niliacha kuwakasirikia watu. Unachotafuta ni sehemu ambayo hiyo aibu imeachwa mlangoni.

Na hiyo sehemu ni ciorcal comhrá, ndio review yenyewe hii.

Ni meza ya kuongea, basi. Nyingi ziko maktaba za mtaa, zingine mkahawani au kwa ukumbi wa kanisa. Yetu ni kwa chumba kidogo cha maktaba, mara moja kwa wiki jioni, hakuna ada, mnachanga tu ya chai na biskuti. Niliona tangazo ukutani nikienda kurudisha vitabu vya mtoto, ila ukitaka njia fupi waulize Conradh na Gaeilge, hicho chama kimekua kikipigania hii lugha tangu 1893 na kina matawi mengi, watakuelekeza. Anayetuongoza ni mwalimu mstaafu, mama mpole lakini kwa Kiingereza hana huruma, ukikianza anakutazama tu mpaka unyamaze. Neno likikupotea kuna sentensi moja ya kukuokoa, Cén Ghaeilge atá ar, yaani kwa Kiayalandi inaitwaje, halafu unataja hicho kitu kwa Kiingereza na meza nzima inakuangushia jibu, mara nyingi majibu matatu tofauti na wanaanza kubishana wenyewe, we unakunywa chai.

Wanaokuja ni mchanganyiko. Wastaafu ndio wengi, kuna kijana wa chuo, kuna mama ambaye mtoto wake yuko gaelscoil, hizo shule za kufundisha kila kitu kwa Kiayalandi, na kuna Mbrazili mmoja anayeongea haraka hata akikosea. Huyo Mbrazili ndiye alinifungua. Hajali. Anachapa makosa na watu wanamwelewa na stori inaendelea, nikajiuliza kumbe mimi nabana nini?

Kasoro ipo na sifichi. Levo zimechanganywa, kwa hivyo kuna wiki mzee mmoja anateka meza na mechi za kandanda ya Kiayalandi, kaunti gani imepiga kaunti gani, na nyinyi wa chini mnabaki kutikisa kichwa. Mwongozaji akiona hivo anagawanya meza mara mbili, lakini akikosekana hiyo siku, ndio basi. Ingine ni mada. Wiki za mwanzo ni hali ya hewa na watoto wangapi, hali ya hewa na watoto wangapi, mpaka unaweza kusinzia. Kiayalandi changu kilianza kutembea siku nilipokua na kitu cha kusema. Mzee mmoja alikua anaeleza habari ya bata scóir, kijiti walichokua wakivalisha watoto shingoni karne ya 19, mtoto akiongea Kiayalandi kinachongwa alama moja, jioni zinahesabiwa anachapwa kulingana na alama. Nikaruka, ngoja, hiyo kitu naijua! Nikawaambia habari ya disk, kile kibao binamu zangu walivalishwa shuleni Machakos wakiongea Kikamba, unakaa nacho mpaka umnase mwenzako na yeye akosee umpachike, na jioni mwalimu anataka kujua kilipita kwa nani. Wee, hakuna aliyeangalia saa. Wananiuliza maswali kutoka kila kona, nani alikichonga, wazazi walisema nini, bado kipo, na mimi najibu, sarufi imevunjika kila mahali lakini najibu, hakuna aliyenirekebisha manake wote walitaka kusikia mwisho. Toka siku hiyo siendi bila stori mfukoni. Naitayarisha nikiwa kwa basi, maneno matano sita magumu nayatafuta mapema, na nikifika naisubirisha mpaka nipate nafasi. Kama kuna kitu kimoja utachukua hapa, chukua hicho.

Meza nyota nne na nusu, ile nusu nimemnyima mzee wa kandanda.

Pop Up Gaeltacht nayo watu wanaisifu sana. Ilianza hapa Dublin 2016 na ikasambaa miji mingi mpaka New York, wazo lenyewe ni rahisi tu, inatangazwa baa na siku, wanaojua Kiayalandi wanajazana hapo, hakuna mwalimu, hakuna kiingilio, hakuna kujiandikisha. Mi sinywi, naagiza soda na hakuna mtu ameniuliza. Raha iko, unaona vijana wa miaka ishirini wanatongozana kwa Gaeilge unajua hii lugha haijafa. Lakini kwa anayeanza, kelele ya baa ni adui, sauti zao zingine unahitaji uone mdomo kabisa. Enda mapema kabla pajae, na uende na mwenzako wa mezani msije mkasimama ukutani. Nyota tatu kwa mgeni, tano ukishakomaa. Pia kuna klabu ya Conradh yenyewe Harcourt Street, iko chini ya jengo lao, hapo ukiagiza kinywaji kwa Gaeilge unajibiwa kwa Gaeilge.

Watu wataniambia enda Gaeltacht, sehemu ambazo Kiayalandi ndio lugha ya nyumbani. Ni sawa, lakini usiende vile nilivoona watalii wakienda, kuingia duka lolote na kumvamia mwenye duka. Mtu yuko kazini jamani, ana foleni, akikugeukia kwa Kiingereza anataka tu uchukue maziwa yako uende. Nilipata faida nilipoenda kwa kozi. Nilikwenda Oideas Gael, wako Gleann Cholm Cille kule Donegal tangu 1984, wanafundisha watu wazima, darasa mchana na jioni muziki na kucheza, na kwa sababu kila mtu amekuja kwa kazi hiyo hiyo unaongea kuanzia chai ya asubuhi mpaka unaota kwa hiyo lugha. Tofauti na saa moja kwa wiki ni kubwa mno. Sasa mfuko: kozi, malazi, chakula na nauli ukijumlisha si pesa ya kuchezea, na kaunti ya Donegal haina treni, ni basi tu na njia ni ndefu. Mi niliweka akiba mwaka mzima. Nyota tano kwa masomo, mbili kwa mfuko.

Ujue pia kila upande una Kiayalandi chake. Donegal watakusalimia Cad é mar atá tú, Connemara Cén chaoi a bhfuil tú, Kerry Conas atá tú, na vitabu navyo vina vyao. Isikutishe, mtu wa Mvita na mtu wa Unguja wanaelewana na kila mmoja anajiona ndiye anayeongea sawasawa. Ila mtoto wangu amekataa nimsaidie kusoma kwa sauti, anasema mimi natamka kama mtu wa Connemara na mwalimu wake ni wa Kerry.

Kuna njia mbili zaidi sikuzipanga. Moja ni fáinne, kapini kadogo ka duara ambako wanaoongea Kiayalandi wanavaa kifuani, ya dhahabu anajua vizuri, ya fedha anajiweza. Ukiiona kwa mtu, huyo hajifichi, msalimie. Mimi nilimuona baba mmoja nayo kwa tramu, tukapiga stori kutoka Abbey Street mpaka Heuston. Ya pili ni kazini. Tuna nyanya mmoja aliyezaliwa magharibi huko, siku aliponisikia nikijaribu kusema habari ya asubuhi akanishika mkono, na tangu hapo hataki niongee naye Kiingereza. Ananirekebisha bila aibu, wakati mwingine mbele ya bosi. Mwalimu mkali kuliko wote niliowalipa, na bure. Kwa wale wenzangu mnaofanya kazi ya wazee, ulizeni, huenda mko na mmoja hapo na hamjui.

Yule wa London, Conradh wako na tawi huko, anzia hapo. Aliye Belfast aende Cultúrlann, kituo cha utamaduni wa Kiayalandi kule Falls Road, na kama anakaa mashariki ya mji kuna mradi unaitwa Turas ambao unafundisha watu wa upande wa Waprotestanti, na nasikia raha kuona hivo manake kule wengi huiona lugha hii ni ya upande wa Wakatoliki, na siasa za kule si mchezo.

Nikishauri wakati wa kuanza, ngojea Seachtain na Gaeilge, inaitwa wiki lakini ni tarehe 1 mpaka 17 Machi. Shughuli zinakua kila mahali na hata yule jirani mwenye aibu atakubali kusema mawili matatu. Meza yetu hufungwa Julai na Agosti, kwa hivyo mkija kiangazi mtakuta mlango una kufuli.