Ushauri kabla ya ndoa: dodoso zuri, jedwali la kutiliwa shaka

Huduma ninayoitathmini hapa ni ya ushauri nasaha kwa wachumba ambao bado hawajaamua, na ubora wake mkubwa umo katika dodoso. Kila mmoja hulijaza peke yake, kisha mshauri huyalinganisha majibu ya wote wawili na kuanzia pale yanapotofautiana. Maswali yenyewe hayapambwi: nani atajua madeni ya mwenzake, watoto wasipopatikana itakuwaje, mzazi akiugua atahamia kwa nani. Katika swali hilo la mwisho mimi na mwenzangu tuliandika jibu moja, "tutashauriana", nami nikadhani limekwisha. Mshauri hakuliacha lipite. Alimwomba mwenzangu asome jibu lake kwa sauti, na sauti ikamkwama katikati. Kumbe tulikuwa tumeafikiana kutolizungumza. Hapo ndipo nilipomheshimu mshauri, kwa sababu hakuibeza hofu ile wala hakuigeuza kuwa hukumu, bali aliihoji kama shahidi: inatoka wapi, inahusu nini, na je, kuna jambo la kweli nyuma yake?

Sehemu ya pili hainiridhishi. Wachumba hupewa jedwali la faida na hasara za kuoana, kila hoja huwekewa alama, kisha alama hujumlishwa. Mbinu hii ni kongwe. Mwaka 1772 Benjamin Franklin, mwanasiasa na mwanasayansi wa Marekani, alimwandikia mwanakemia Mwingereza Joseph Priestley akimweleza namna ya kuorodhesha hoja za pande mbili na kufuta zile zinazolingana kwa uzito, na mwaka 1838 Charles Darwin, mwanasayansi Mwingereza wa nadharia ya mageuko ya viumbe, aliandika kwenye karatasi sababu za kuoa na za kutooa. Lakini Franklin aliiacha orodha ikue kwa siku tatu au nne, akijua kwamba hoja haziji akilini zote kwa wakati mmoja, ilhali sisi tulitakiwa kumaliza kabla kikao hakijakwisha. Naye Darwin, pamoja na kuhofia kupoteza muda na kupungukiwa fedha za vitabu, hakujumlisha chochote. Kilichomsukuma ni kujiona akifanya kazi maisha yake yote, peke yake, ndani ya nyumba yenye moshi. Mwaka uliofuata alimwoa Emma Wedgwood.

Jedwali letu lilitupa jumla nzuri, nami, nakiri, niliifurahia. Hata hivyo, "kuondokana na upweke" kulikuwa na alama sawa na "kuchangia kodi ya nyumba", na sijui ni kwa kipimo gani. Alama hizo zilitoka katika hisia zetu za siku ile, ila kwa kuwa ziliandikwa kwa tarakimu, hakuna aliyezihoji, hata mshauri aliyekuwa makini kiasi kile saa moja kabla.

Kwa wachumba wenye nafasi ya kutosha, ningependekeza dodoso, na jedwali wakalijaze nyumbani kidogo kidogo, bila alama. Wale ambao tarehe ya harusi imekwisha kutangazwa hawatafaidika sana, kwani maswali haya yana maana pale tu ambapo mtu bado anaweza kujibu hapana, na mshauri, kwa uungwana wake, huwaeleza hivyo kabla hawajalipa.