SSD ya kununua kwa kompyuta ya zamani: anza na SATA, NVMe iache dukani

Laptop ya ThinkPad T430 na kompyuta ya mezani ya Dell OptiPlex 7010, zote za mwaka 2012, bado zinauzwa mtumba Kariakoo, na bado ni mashine imara. Kinachozichosha ni hard diski ya kuzunguka. Ukiweka SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani, utaona tofauti siku hiyohiyo. Shida ni kwamba muuzaji atakutolea NVMe (SSD ya kasi inayopitia PCIe, njia ya kadi za ndani) kwanza, kwa kuwa ndiyo ya kisasa, na hapo ndipo hela za watu zinapopotea.

1. SATA ya inchi 2.5, yaani SSD inayotumia waya uleule wa hard diski. Hii ndiyo ya kununua, kwa watu karibu wote. Kwenye laptop inakaa palepale ilipotoka hard diski, kwenye ya mezani inachomekwa kwa nyaya zilezile, na BIOS (programu inayoiamsha mashine kabla ya Windows) ya zamani inaitambua bila matatizo. Kwenye toleo la SATA 3 inafika kama megabaiti 550 kwa sekunde. Kwenye SATA 2 ni karibu nusu yake, na usijali, maana Windows inawaka haraka kwa sababu SSD inasoma mafaili madogomadogo papo hapo, haisubiri sahani izunguke. Kabla ya kuweka Windows, ingia BIOS (F1 kwa ThinkPad, F2 kwa Dell, F10 kwa HP) uhakikishe SATA iko kwenye hali ya AHCI, si ile ya kizamani ya IDE.

2. M.2 ya SATA, SSD nyembamba kama kijiti, kama mashine ina tundu lake. Tazama ncha yake yenye dhahabu: mapengo mawili kwa kawaida ni SATA, pengo moja kwa kawaida ni NVMe. Soma na lebo, kwa sababu zipo NVMe zenye mapengo mawili.

3. NVMe kwa adapta ya PCIe. Ni ya kompyuta ya mezani tu, na ya mtu mvumilivu. Fundi ataichomeka, Windows 10 itaiona, mtafurahi. Ukijaribu kuwasha kutoka humo, kimya. Mashine nyingi za kabla ya 2014 hazina draiva (programu ya kuitambua) ya NVMe ndani ya BIOS, kwa hiyo haziwezi kuanza kusoma diski hiyo kabla Windows haijapanda. Dawa ipo: unaweka Clover, programu ndogo ya kuwashia kompyuta, kwenye flashi pamoja na draiva hiyo, mashine inaanzia kwenye flashi, kisha flashi inaikabidhi NVMe. Inafanya kazi vizuri, ila mtoto akiichomoa flashi, kompyuta haiwaki. Kwa mashine ya dukani au ya stationery sishauri kabisa.

4. SSD ya nje ya USB. Kwa Linux kwenye USB 3.0 inatosha. USB 2.0 usihangaike nayo.

Ukubwa wa GB 240 au 256 unatosha kwa Windows na kazi za ofisi. Ikiwa SSD ni ya mtumba, mwambie muuzaji aichomeke na kufungua programu ya CrystalDiskInfo mbele yako, uone asilimia ya afya na saa ilizotumika. Mpya ya bei ya kutilia shaka ijaribu na programu ya H2testw siku hiyohiyo, kwani nyingine zinadanganya ukubwa. Na usiondoke bila risiti ya EFD, maana bila hiyo kurudisha itakuwa vita.