Ofisi ya karatasi (viza, tafsiri) pale Batha, Riyadh: nyota 2 kwa 5

Jina lao sitaji, ila Wakenya wa Riyadh wengi tunawajua, wako ghorofa ya pili juu ya duka la simu na jamaa wa mapokezi anaongea Kiswahili cha kuokota okota. Nilienda kutengenezewa khuruji auda, ile viza ya kutoka na kurudi, niende nyumbani Likoni siku 60, likizo ya miaka miwili nimeikusanya.

Haraka wana haraka, siwezi kusema uongo, dakika 20 karatasi mkononi na kahawa na tende juu yake. Tena walikagua paspoti kwanza, maana muda wake uliobaki usipungue siku 90, na wakanishtua nina faini ya gari nilipe kabla ya chochote. Hizo ndo nyota mbili.

Sasa bei. Riali 450, nikatoa tu, kumbe ada ya serikali ya safari moja ni 200 kwa miezi miwili, ukizidisha ni 100 kila mwezi. Yaani 250 ni ya kubonyeza simu yangu mwenyewe!! na paswadi ya Absher, ile app ya serikali ya Saudia, niliwapa kwa mdomo wangu, ujinga huo nauchukua mimi.

Lakini pesa hainiumi kama hili. Hiyo viza inatolewa namna mbili, ya siku na ya tarehe. Ya siku, una miezi mitatu ya kutoka na hesabu inaanza ukishavuka. Ya tarehe wanakuandikia urudi kabla ya siku fulani na inakimbia tangu ilipotolewa, haijali uko wapi. Kijana hakuniuliza, akabonyeza ya tarehe, na mimi tiketi ya bei nafuu niliipata siku 16 baadaye, kwa hiyo siku 16 zimeliwa nikiwa bado godauni nabeba maboksi.

Nimekuja kujua niko Likoni, binamu yangu anayefanya Jeddah kaishika ile karatasi kasoma Kiarabu kaniuliza wewe kwani unarudi lini? Kuongezewa ukiwa nje inawezekana, ila kwa sisi wa kampuni aliyeiomba ni mandub wetu, yule wa kampuni wa kufuatilia karatasi za serikali, na ilikuwa Idi, siku nne hashiki simu na mimi chakula hakipiti. Aliposhika, nusu saa kamaliza.

Niliporudi nikapanda ngazi kuwauliza, wakanijibu karatasi ilikuwa sahihi haina kosa. Na kweli haina, hiyo ndo inaniudhi zaidi.

Wa kampuni wenzangu, tangu 2021 unaweza kuomba mwenyewe kwa Absher. Dada zetu wa kazi za nyumbani hilo haliwahusu, kwao bado ni mkono wa kafili, yaani mwajiri aliyekudhamini, basi akishakutolea muombe picha uangalie ni siku au tarehe kabla hujakata tiketi.

Cheti cha ndoa nikitaka kutafsiriwa nitarudi kwao, hapo wako sawa. Viza nabonyeza mwenyewe.